Yah: Kupangiwa Saa Kumi za Mlangoni Bila Kutafutiwa Jozi

Matilda Tarsis,
Duka la Uzi, Zipu na Vifungo,
Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo,
Dar es Salaam.
4 Juni

Kwa Mwenyekiti wa Kikao cha Ukoo,
Baba Mkubwa Ansbert,
Mchafukoge.

Mheshimiwa Mwenyekiti, Baba Mkubwa wangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeacha nafasi hapa ya wewe kuitikia.

Kabla ya malalamiko naomba kukiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padri. Mwezi wa pili sauti yangu haikupotea. Zile siku kumi na moja nilizokuwa nikiandika mahitaji yangu kwenye vipande vya boksi, koo langu lilikuwa zima kabisa. Baba alikuwa ameniambia kwamba Jumatatu nitaanza kuita wateja mlangoni, na Jumatatu asubuhi nilipofungua mdomo nikaona ni rahisi zaidi kuufunga tena. Sikupanga iendelee siku kumi na moja. Lakini Mama Mkubwa Candida alileta asali ya Kibosho, kisha jumuiya ikaja Jumatano kuliombea koo, na baada ya watu kumi na sita kupiga magoti kwenye zulia letu niliona si adabu kupona haraka.

Nimekiri kwanza ili ujue kwamba anayekuandikia ameamua kusema ukweli hata pale unapomharibia. Sasa nije kwenye shauri lenyewe.

Jumapili ya wiki tatu zilizopita, baada ya misa ya pili, kikao kilikaa sebuleni kwako kujadili safari yangu. Kama unavyokumbuka, nimechaguliwa kuingia kidato cha tano, mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hisabati, shule ya bweni huko Songea, na natakiwa kuripoti tarehe 12 Julai. Kikao kiliamua nisiende mwaka huu. Nikae nyumbani mwaka mmoja, nisimame mlangoni mwa duka kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, niite wateja, mpaka mdomo ufunguke. Ulisema, na nilikuwa pale nyuma ya pazia nikisikia: "Mtoto hawezi kusema karibu mama, zipu zipo. Huyu atanyoosha mkono darasani Songea?" Wote wakacheka, Baba naye akacheka, ingawa yeye alianza kwa kuchelewa kidogo.

Ushahidi uliotolewa ulikuwa mmoja tu, Dada Joyceline, binti wa Shangazi Euphrasia, tunayeuza naye dukani. Ulisema: "Mwangalieni Joyceline. Alisimama mlangoni saa kumi kila siku. Leo anamuuzia uzi hata mtu aliyekuja kuulizia choo." Hilo ni kweli, nimeliona kwa macho yangu. Hata hivyo, kwa heshima zote, nina malalamiko yafuatayo.

1. Dada Joyceline si jozi yangu. Wewe mwenyewe ulianza maisha kwenye duka hili, kwa hiyo unajua kazi. Fundi cherehani anakuja na kipande cha kitambaa, anataka uzi. Sisi tuna rangi mia mbili na arobaini. Hatuchukui kibunda chochote na kumwambia uzi ni uzi. Tunatoka na kitambaa hadi kwenye mwanga, tunaweka bluu hii juu ya bluu ile, tunarudisha, tunaleta nyingine, na iliyo karibu kuliko zote ndiyo tunayompa. Na kama hiyo iliyo karibu bado iko mbali, Baba ametufundisha kusema hakuna, kwa sababu ni heri mteja aondoke kuliko gauni lionyeshe mshono. Kazi hii naiweza vizuri. Kitambaa hakiniulizi kitu.

Sasa tuniweke mimi kwenye mwanga pamoja na Dada Joyceline. Yeye ni wa kwanza katika watoto sita, mimi ni peke yangu. Yeye alikuja Dar kutoka Kibosho akiwa tayari ameimba kwaya ya parokia miaka miwili, na Shangazi Euphrasia hutusimulia kila Krismasi kwamba sauti ya binti yake ilikuwa ikisikika hadi kwenye migomba ya bondeni. Sauti yangu mimi haijafika hata kwa mteja aliyesimama mbele ya kaunta. Kumtumia yeye kukadiria kitakachonipata mimi ni kushona shati jeupe kwa uzi mwekundu, kisha kulilaumu shati.

2. Dozi mmewapa ambao hawakuugua. Hili nimelijua kwa msaada wa Dada Anjana, mjukuu wa Mzee Chandu, anayekaa ghorofa ya juu yetu na kufanya kazi ya takwimu kwenye utafiti wa afya. Naweza kuongea naye kwa sababu anapoongea hutazama kompyuta yake, hanitazami mimi. Amenipa maelezo ya kurasa arobaini kuhusu namna ya kuoanisha watu ili ujue kama tiba fulani inafanya kazi. Nimeyasoma mara mbili, na pale nilipokwama alinieleza kwenye ngazi.

Anasema hivi. Kabla ya kuuliza dozi imefanya nini, uliza nani alipewa dozi gani na kwa nini. Pale Kariakoo nani huwekwa mlangoni kutwa nzima? Yule anayeongea tayari. Mwenye aibu hupelekwa nyuma kuhesabu vifungo. Mwaka ukiisha, waongeaji wote wana saa nyingi za mlangoni na wenye aibu wote wana vifungo, halafu watu wazima wanakaa sebuleni na kusema saa za mlangoni ndizo zilizoleta maneno. Ni sawa na kusema kuvaa miwani kunaharibu macho, maana kila mwenye miwani haoni vizuri.

Ili mambo yawe ya haki, inabidi kumtazama kila msichana jinsi alivyo na kujiuliza: huyu, kwa hali yake, angetarajiwa kupewa saa ngapi? Kisha utafute wawili ambao wangetarajiwa kupewa saa zilezile, lakini kwa bahati tu, labda kaka alisafiri, labda duka lilihama mtaa, mmoja akapata saa mbili na mwingine akapata saba. Hao ndio wa kulinganisha.

3. Mmeifanya dozi kuwa kama swichi ya taa. Kikao kilisema kuna "waliosimama" na "wasiosimama". Baba akashauri kwa nia njema kwamba aliyezidisha saa sita ahesabiwe amesimama. Kwa hesabu hiyo, aliyesimama saa sita na dakika tano yuko kapu moja na aliyesimama saa kumi na mbili, na aliyesimama saa tano na dakika hamsini na tano yuko kapu moja na aliyelala kwao. Hata dawa ya mseto ya malaria hatuigawi kwa "amemeza" na "hajameza". Saa ni kitu kinachopanda kidogokidogo, na kila hatua yake ina majibu yake. Swali halikuwa kama mlango unatibu. Swali lilikuwa ni saa ngapi, kwa mtu wa aina gani.

4. Niliutafuta ukweli mwenyewe, na ukweli umenipa sehemu tupu. Kwa siku kumi na mbili, kila mchana Baba alipodhani nimeenda kununua chipsi, nilizunguka na daftari kuanzia mtaa wetu hadi karibu na Sokoni. Sikuongea na mtu. Niliandaa karatasi ya maswali matano kuhusu jinsi msichana alivyokuwa kabla hajaanza kuuza, kwa mfano: ukibishiwa hodi na uko peke yako nyumbani, unafungua au unajificha? Nilimpa kila mmoja karatasi, nikatazama viatu vyake hadi aliponirudishia. Wauza mikanda wa pale kona wakaniita Bubu wa Zipu. Siku ya tatu mmoja akasema, "Bubu kaleta mtihani tena, wasiosoma jificheni."

Aliyeniokoa ni Megha wa duka la khanga, tuliyesoma naye. Wenye kazi nyingi aliwasomea maswali kwa sauti. Dada mmoja wa vyombo alimuuliza, "Mwenzio anamtafutia kaka yake mchumba?" Megha akamjibu, "Hana kaka. Anatafuta mtu wa kufanana naye." Yule dada akanitazama kuanzia juu hadi chini akasema, "Basi ana kazi." Lakini aliijaza.

Kipimo cha matokeo kilikuwa hiki. Parth, binamu yake Megha ambaye hawakumfahamu, alipita kwa kila mmoja kuuliza njia ya kwenda Sokoni, na mimi nilisimama nyuma ya mkokoteni nikihesabu maneno ya jibu. Siti, ambaye huita wateja saa kumi na moja kwa siku, alijibu kwa maneno mia moja na manne na akamuuzia soksi.

Nilipata wasichana thelathini na saba. Kati yao, waliokuwa karibu na mimi kwa yale maswali matano walikuwa tisa. Katika hao tisa, anayesimama saa moja anaongea kuliko asiyesimama kabisa, wa saa mbili kuliko wa saa moja, na hali inapanda hivyo hadi saa tatu. Kuanzia saa tatu mstari unalala. Kwenye saa tano unaanza kushuka. Kuanzia saa sita kwenda juu hakuna mtu. Sisemi walishindwa. Nasema hayupo hata mmoja wa aina yangu aliyewahi kuwekwa huko. Kwenye mchoro wangu, ambao nimeuambatanisha, sehemu hiyo nimeiacha nyeupe, na ile saa kumi yenu imesimama katikati ya weupe huo. Huko hatuna uzi, Baba Mkubwa. Na mahali pasipo na uzi, sisi husema hakuna.

5. Tiba zilikuwa nne lakini mlizishindanisha mbilimbili. Zilizotajwa ni mlangoni, kusoma somo kanisani, na kwenda kuishi kwa Shangazi Euphrasia Kibosho. Ya nne ni kuniacha nilivyo. Hii haikupigiwa kura, kwa maelezo kwamba si tiba. Maelezo ya Dada Anjana yanasema nayo inahesabiwa. Tiba zikiwa nne, jozi haitoshi. Wanatakiwa wasichana wanne wanaofanana, kila mmoja katika tiba yake, na kapu moja likikosa mtu wa kufanana na wenzake, yote manne hayalinganishiki. Kwenye kapu la somo nimempata mmoja tu. Alisoma somo moja akahama parokia.

6. Tiba imetolewa upande mmoja. Kama uchache wa maneno ni ugonjwa wenye dozi yake, basi wingi wa maneno nao uwe na dozi yake, vinginevyo huu si utabibu, ni upendeleo. Napendekeza kwa unyenyekevu kwamba wanaukoo wafuatao wakae kimya stoo, katikati ya maboksi ya zipu, kwa muda tofautitofauti ili tupate mstari mzuri: Baba nusu saa, siku za mechi saa moja na nusu, Mama Mkubwa Candida saa mbili, na wewe Mwenyekiti, kwa heshima ya cheo, saa tano. Usiwe na wasiwasi wa kuonewa, maana jozi yako nimeshaitafuta. Ni Mzee Chandu. Mmelingana umri, sukari, idadi ya wajukuu, na urefu wa hadithi ya safari yenu ya kwanza ya kufuata mzigo China. Yeye atapewa dozi ya sifuri. Nilimpa karatasi asome, akatikisa kichwa kukubali, ingawa inawezekana alikuwa anasinzia.

7. Naomba pia kikao kitoe tamko kwamba kuanzia sasa hadi tutakapokutana Kibosho Desemba, mtu yeyote wa ukoo huu atakayesema "mwangalie mwenzako" ataje kwanza mambo matano ambayo huyo mwenzake anafanana na anayeambiwa. Tamko hilo lihusu na magari yanayoegeshwa uani, nyumba zilizoezekwa, na nani ameolewa akiwa na umri gani. Natabiri chakula cha mchana kitaliwa mapema sana mwaka huu.

Baba Mkubwa, nimeandika mengine kwa kujichangamsha, ila hili silichangamshi. Nataka kwenda Songea. Sijawahi kulisema mbele yenu kwa sababu kila mnaponigeukia, watu tisa kwa pamoja, maneno yananitoka kichwani kama watu wanaotoka kanisani, yote kwa mlango mmoja. Kwenye Hisabati mtu anaweza kuwa sahihi bila kupaza sauti. Nilipata alama ya A, na hakuna aliyehitaji kuisikia. Ilikuwa imeandikwa tu. Nafasi ya kidato cha tano nisiporipoti itapewa mwingine, na mwaka ujao hawatauliza kama mdomo umefunguka. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko mlango.

Kwa sababu hizo saba naomba uamuzi wa Jumapili ile utenguliwe, niruhusiwe kuripoti shuleni tarehe 12 Julai, na saa za mlangoni zisizidi tatu hadi atakapopatikana mtu wa kufanana na mimi aliyepewa saa kumi, jambo ambalo kwa utafiti wangu haliwezekani.

Nisalimie Mama Mkubwa Candida na umwambie asali ilikuwa nzuri, tena nilipona kweli. Wasalimie wadogo zangu wote wa hapo, mlinzi wa geti, na yule paka wa ngazini ambaye tunaelewana.

Ni mimi mwanao mtiifu, ninayeongea vizuri zaidi kwa kalamu,

Matilda Tarsis

N.B. Barua ilikuwa imeishia hapo. Naongeza ukurasa huu kwa sababu jambo limetokea leo mchana.

Nilimpa Dada Joyceline bahasha akuletee, maana alikuwa anakuja huko Mchafukoge. Sikuwa nimeifunga, naye akaisoma palepale mlangoni. Akaingia mteja, Dada Joyceline hakumkaribisha. Hapo nikajua kuna tatizo. Alipomaliza aliniuliza kwa nini wasichana thelathini na saba wa mitaani nimewapa karatasi na yeye sikumpa. Nikamwandikia kwenye kipande cha boksi kwamba yeye nilishamweka kapu la waongeaji. Akasema, "Nani alikwambia? Lete hiyo karatasi."

Akaijaza. Majibu yake yote matano ni sawasawa na yangu, hata lile la kujificha chooni wakija wageni.

Kwenye kwaya, miaka yote miwili, alikuwa akifungua na kufunga mdomo bila kutoa sauti. Iliyosikika hadi bondeni ilikuwa sauti ya Josepha aliyesimama kushoto kwake. Alipofika Dar akiwa na miaka kumi na saba, wewe ulikuwa China miezi mitatu, na msichana aliyekuwa akiita wateja alikuwa ameacha kazi wiki hiyohiyo. Baba hakuwa na mtu mwingine, akamweka yeye mlangoni saa kumi. Ni bahati tu ya aina ileile niliyoieleza kwenye lalamiko la pili. Siku kumi na tatu alisimama pale bila neno, akijifuta macho kwa sampuli za vitambaa. Siku ya kumi na nne, alasiri, fundi mmoja alikuwa anaondoka na uzi wa kijani kibichi kwa kitambaa cha kijani cha mwani, na Dada Joyceline akasikia mtu anasema, "Mama, huo siyo, rudi nikupe wako." Akageuka kutazama nani amesema. Anasema tangu hapo hajapata nafasi ya kunyamaza. Uliporudi kutoka China ulimkuta hivyo, ukadhani alikuja hivyo.

Kwa hiyo nilitembea siku kumi na mbili kumtafuta mtu ninayekula naye sahani moja.

Dada Anjana ana sharti moja: huruhusiwi kumtupa mtu kwa kuwa amekuharibia mchoro. Nimemwandika mstari wa thelathini na nane. Ile sehemu nyeupe sasa ina nukta moja, kwenye saa kumi, na iko juu sana. Nukta moja haitoshi kuthibitisha kitu, Dada Anjana mwenyewe amesema, lakini ni moja zaidi ya zile nilizokuwa nazo mimi. Lalamiko la kwanza limeanguka. La pili limenigeuka. La nne, mchoro wake nilioambatanisha si sahihi tena, naomba usiutazame. Nilifikiria kuichana barua yote, ila ni kurasa saba za wino.

Basi nakubali saa kumi. Naanza kesho asubuhi. Ninachoomba ni kwamba kikao kifuate ushahidi wake chenyewe hadi mwisho. Dada Joyceline alihitaji siku kumi na nne, si mwaka. Kwangu siku ya kumi na nne ni tarehe 18 Juni. Hata ukinizidishia mara mbili kwa kuwa mimi ni mgumu, namaliza tarehe 2 Julai, na bado nina siku kumi za kununua ndoo, kufuli na sare. Naomba sana uwaambie hivyo Jumapili, kwa sauti yako, kabla hawajanigeukia wote.

Ila ukiwaeleza, usiwaambie umejuaje. Habari ya kwaya Shangazi Euphrasia haijui hadi leo, na Dada Joyceline ameniapisha nisimwambie mtu yeyote. Tafadhali ibaki kwako. Mimi sijavunja ahadi, maana barua hii nimemwandikia Mwenyekiti, na Mwenyekiti ni cheo, si mtu.